Ghaibu na Mwangwi

Katika Qur'ani, aya ya mwisho ya Surat Luqman inataja mambo matano ambayo elimu yake iko kwa Mungu: saa ya Kiyama, mvua, kilichomo katika matumbo ya uzazi, kile ambacho nafsi itachuma kesho, na ardhi ambayo mtu atafia. Mhubiri wa Agano la Kale, katika sura yake ya 11, analigusa jambo hilohilo kwa njia yake. Mwanadamu hajui mifupa inavyoungana tumboni mwa mjamzito, na kwa kiasi hichohicho haijui kazi ya Mungu. Katika jiji la Arusha na vijiji vinavyopanda mteremko wa Mlima Meru, vitabu hivi viwili husomwa na majirani wanaochota maji bomba moja na kupanda daladala moja kwenda kliniki. Huko kliniki siku hizi kuna chumba chenye pazia zito, kitanda chembamba na kioo kidogo. Mama analala, anapakwa jeli ya baridi tumboni, na baada ya dakika chache mtu ambaye pengine hajawahi kumwona anaanza kumpa habari za kiumbe ambacho vitabu vyote viwili vilikiweka nyuma ya pazia. Je, mama huyo ameingia kwa Mola wake bila kubisha hodi?

Wapo wanaolicheka swali hili, na hapo ndipo wanapokosea. Kliniki inapomwambia mama awahi, bila kulijibu swali lililo moyoni mwake, mama huitikia "sawa" kwa adabu na kubaki nyumbani mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linataka mjamzito aonwe mara ya kwanza ndani ya wiki 12, na apate kipimo kimoja cha altrasaundi kabla ya wiki ya 24. Nchini Tanzania akina mama wengi bado hufika kliniki mara ya kwanza baada ya miezi hiyo mitatu kupita. Nauli inahusika, foleni inahusika, mume asiyetaka kusikia habari za hospitali anahusika. Lakini ipo pia hofu ya kumchungulia Mungu, na hofu hiyo haiondolewi kwa bango la ukutani. Nionavyo, anayeogopa hivyo ana haki ya kupewa hoja, na hoja yenyewe ni hii: mashine haiwezi kuivunja siri ya Mungu kwa sababu haiifikii. Na ikiwa haiifikii, basi dini haimuulizi mama kwa nini ametazama. Inamuuliza ametazama lini, na alikuwa amejiandaa kusikia nini.

Tuanze na mashine, maana neno "picha" limetupotosha. Chombo kile hakioni. Hakina mwanga unaopenya ngozi wala si eksirei, ndiyo maana hakina ile mionzi ambayo mjamzito huepushwa nayo. Kazi yake ni kupiga sauti na kusikiliza. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Kile kifaa anachokitembeza mpimaji hutoa mitetemo kwa mamilioni, nayo husafiri katika nyama laini kwa mwendo wa karibu mita 1,540 kwa sekunde, ikagonga mfupa au ukuta wa moyo au ukingo wa maji ya uzazi, kisha ikarudi. Jeli hupakwa ili kuiondoa hewa iliyo kati ya kifaa na ngozi, kwa kuwa hewa huirudisha sauti kabla haijaingia. Vivuli vyeupe na vyeusi vinavyoonekana kwenye kioo ni mwangwi uliopangwa upya ili jicho liweze kuusoma. Hata historia ya chombo ni ya kusikiliza. Huko Glasgow katika miaka ya 1950, daktari Ian Donald, aliyekuwa amehudumu katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichukua mtambo wa kiwandani uliotumika kutafuta nyufa zilizofichika ndani ya chuma akaujaribu kwa binadamu. Mwaka 1958 yeye, daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown walitangaza matokeo yao katika jarida la The Lancet. Kwa hiyo jina linalokifaa zaidi kipimo hiki ni ushahidi. Shahidi husema alichokikuta, huweza kukosea, na huhitaji mtu anayejua kumhoji. Ufunuo hauna masharti hayo, na kwa hakika haumwagizi mtu anywe maji kwanza, kama kipimo hiki kifanyavyo.

Sasa turudi kwenye aya. Wanazuoni wa Kiislamu kwa karne nyingi wametofautisha ghaibu kamili, ambayo hakuna kiumbe anayeijua, na ghaibu ya kiasi, ambayo imefichika kwa huyu na iko wazi kwa yule. Mfano wake uko juu ya vichwa vya watu wa Arusha. Mwezi Julai Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,560, huweza kujifunika mawingu tangu asubuhi, na mtu wa Sakina asiuone hata ukingo wake. Kwake mlima uko ghaibuni; kwa mpandaji aliyeamka kwenye kambi ya juu, mawingu yakiwa chini ya miguu yake, hauko. Hakuna anayedai kwamba mpandaji huyo ameiba elimu ya Mungu. Ametembea tu mpaka mahali panapoonekana. Mtoto aliye tumboni ni mlima wa namna hiyo: yupo, ana mahali, ana umbo, ila kati yake na macho yetu kuna ukuta wa nyama. Mambo mengine yanayotajwa pamoja naye katika aya yanatusaidia kuelewa ni nini hasa kimefichwa. Kiyama hakijafika, kesho haijafika, kifo hakijafika. Na mvua? Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika na wa vuli, na mkulima wa migomba na kahawa wa Meru huusikiliza bila kujiona amekufuru, kisha akaomba mvua vilevile. Jambo hili lina uzito wa pekee hapa, maana katika Kimaa, lugha ya Waarusha na Wamaasai, neno Enkai ni jina la Mungu na pia ni mvua. Hata hivyo hakuna mfugaji anayeona haya kuyatazama mawingu. Wafasiri wengi wa aya hiyo wanaeleza kwamba kilichofichwa tumboni ni habari nzima ya yule mja: ataishi miaka mingapi, riziki yake ni ipi, atakuwa mwema au mwovu. Mwangwi hauna neno juu ya hayo. Unasema moyo unadunda, kichwa kiko huku, maji yanatosha. Ni habari za leo, tena za saa ile.

Na habari za leo zimekuwa zikitafutwa tangu kale. Mkunga wa jadi aliyebonyeza tumbo kwa viganja kujua kichwa kimeelekea wapi alikuwa akitafuta jambo lilelile, kwa chombo kilicho butu zaidi. Katika Injili ya Luka, Elisabeti anajua kitu juu ya mtoto wake kwa sababu ameruka ndani yake. Sijasikia mhubiri aliyemlaumu kwa kujua.

Ikiwa mashine ni shahidi wa leo, basi thamani ya ushahidi wake inategemea leo hiyo ni ipi. Hapa ndipo suala la wakati linapoacha kuwa la ratiba ya kliniki tu na kuingia katika maadili. Kabla ya wiki ya 14, mtoto akipimwa kutoka utosini hadi makalioni, umri wa mimba hujulikana kwa kukosea siku 5 hadi 7 tu. Katika wiki ya 20 hivi makosa huongezeka hadi siku 10 au zaidi kidogo, na kipimo kikifanywa kwa mara ya kwanza mwezi wa nane, huweza kukosea kwa wiki 3 mbele au nyuma. Sababu yake inapendeza kuitafakari. Mwanzoni watoto wote hukua kwa mwendo mmoja, awe wa Ngaramtoni au wa Oxford. Baadaye chakula, maradhi na urithi huanza kuwatenganisha. Utafiti wa INTERGROWTH-21st, uliokuwa na vituo katika nchi 8, Nairobi ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba hata baadaye watoto wa akina mama wenye afya na lishe ya kutosha hukua kwa kufanana sana. Kinachowatofautisha mno ni yale yanayowapata akina mama. Sasa fikiria desturi inayojulikana miongoni mwa Wamaasai, ya mjamzito kupunguza chakula katika miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa na uchungu usiwe mgumu. Desturi hiyo si upumbavu. Ilizaliwa mahali ambapo upasuaji ulikuwa mbali, na mtoto aliyekwama njiani alimaanisha kaburi moja au mawili. Lakini mama huyo akifika kupimwa kwa mara ya kwanza mwezi wa nane na mtoto akaonekana mdogo, shahidi wetu anashikwa na kigugumizi. Mtoto ni mdogo kwa sababu mimba bado changa, au ni mdogo kwa sababu ana njaa? Mwangwi uleule unakubali majibu yote mawili. Jibu la kwanza linataka subira, la pili linataka haraka. Uchungu ukianza mapema, daktari atahitaji kujua kama mimba iko kwenye wiki ambazo sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto inafaa. Kipimo kimoja cha mwezi wa tatu kingelimaliza shauri lote hilo. Aliyechelewesha kutazama kwa heshima ya siri ya Mungu amejikuta hana siri wala habari.

Ikiwa dirisha la kwanza la kutazama ni hilo la kabla ya wiki ya 14, la pili ni kati ya wiki ya 18 na ya 22, viungo vinapoweza kukaguliwa kimoja kimoja: fuvu, uti wa mgongo, vyumba vya moyo, figo. Mama mwenye nauli ya mara moja tu, na wapo wengi, akija katika wiki za mwanzo za dirisha hilo anapata sehemu kubwa ya faida zote mbili, ya umri na ya viungo. Dirisha hili lina jambo ambalo sijaona likizungumzwa sana. Mapokeo ya Kiislamu yanasema roho hupulizwa baada ya siku 120, ingawa wapo wanazuoni wanaolihesabu jambo hilo mapema zaidi. Siku hizo huanzia kutungwa kwa mimba. Daktari yeye huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, karibu wiki mbili kabla mimba haijawapo, kwa hiyo "mimba ya wiki moja" ya hospitali ni mimba ya mtu ambaye bado hayupo. Ukizijumlisha kalenda hizo mbili, siku ya 120 ya wanazuoni inaangukia wiki ya 19 ya daktari, katikati ya dirisha lenyewe. Sidai kuna muujiza hapa. Hesabu mbili zinaweza kukutana bila kupanga. Ninachosema ni kwamba dini haijawahi kulichukulia tumbo kuwa giza moja lisilo na hatua. Imelipa kalenda, imelipa vituo, na juu ya kila kituo imejenga hukumu za mazishi, urithi na fidia. Kuuliza "amefika wapi?" ni swali la zamani katika sheria za dini, lililokuwa likijibiwa kwa makisio.

Pingamizi la kwanza nililipe uzito wake. Mimba changa hufichwa. Husuda ipo, ndimi zipo, na mimba nyingi huharibika katika miezi mitatu ya kwanza. Mama hataki kuwatangazia watu msiba wa mtoto ambaye hawakuwa wamemkaribisha. Kwenda kupimwa wiki ya 10 ni kujitangaza, hasa pale ambapo mpimaji ni mtoto wa jirani. Luka tena anatusaidia: anasema Elisabeti alijitenga miezi mitano. Alijificha macho ya watu, na katika kujificha huko alikuwa akimshukuru Bwana. Kujisitiri kwa watu na kujinyima uangalizi ni mambo mawili, na wahenga wetu walikuwa wameshayatenganisha waliposema mficha uchi hazai. Kliniki ikishindwa kutunza siri, lawama ni ya kliniki, na dawa yake ni mlango unaofungwa na mfanyakazi anayejua kunyamaza.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo. Watasema: kujua si jambo tupu, kujua kunafungua mlango wa kutenda, na baadhi ya matendo ni maovu. Hili siwezi kulipuuza. India ililazimika mwaka 1994 kutunga sheria ya kuzuia vipimo vya kutaja jinsia ya mtoto kabla hajazaliwa, kwa kuwa watoto wa kike walikuwa wakiondolewa. Ian Donald mwenyewe alikuwa Mkristo mwenye msimamo aliyeipinga sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 iliyoruhusu utoaji mimba, akazitumia picha za chombo chake kuitetea mimba, huku chombo hichohicho kikiwasaidia walioamua vingine. Kwetu Kanuni ya Adhabu inakataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa uhai wa mama, lakini sheria haifungi moyo wa mume anayetaka mvulana wa nne. Hapa nakubali kwamba hofu ya watu wa dini imeona kitu ambacho wapenzi wa teknolojia hukiruka. Ila tazama inatupeleka wapi. Inatupeleka kwenye kuchagua maswali. Mtu anayeuliza kondo la nyuma limekaa wapi na anayeuliza "wa kiume au wa kike?" wanalala kitanda kilekile, na mwangwi ni mmoja, lakini hawafanyi tendo moja. Mabango mengi ya zahanati binafsi yameuza swali la pili kwa sababu ndilo lenye soko. Udadisi wa jinsia si dhambi, ni shauku ya wazazi. Umekuwa tatizo pale ulipogeuka kuwa sababu pekee ya kwenda, maana jinsia huonekana vizuri mimba ikiwa kubwa, na kwa ajili yake watu huchelewa. Wengine hurudi mara nne kuhakikisha, ilhali mwongozo wa 2016 haupendekezi kipimo cha kawaida baada ya wiki ya 24 kwa aliyekwisha kupimwa kabla, asipokuwa na dalili.

Linabaki pingamizi ambalo kwangu ni gumu kuliko yote: faida gani kujua lisilotibika? Mama akiambiwa wiki ya 20 kwamba mtoto ana kasoro ambayo hataishi nayo, na dini na sheria zimeufunga mlango wa kutoa, amebebeshwa miezi mitano ya kilio kabla ya kilio. Kujibu kwamba "ni bora kujua" ni kusema kwa niaba ya mtu mwingine. Naweza kusema mawili tu. Kwanza, kasoro za namna hiyo ni chache, na nyingi katika zinazoonekana zina la kufanyika: mtoto mwenye mgongo wazi akijulikana mapema, wazazi hupanga azaliwe karibu na wapasuaji, kama wale wa Taasisi ya Mifupa (MOI), Muhimbili, au angalau wasipoteze siku za mwanzo wakitafuta nauli na rufaa. Pili, mama ana haki ya kusema mapema anataka kuambiwa nini. Haki hiyo hutumika kabla ya jeli kupakwa. Baada ya hapo uso wa mpimaji umeshasema. Ndiyo maana nayahesabu maandalizi ya moyo kuwa sehemu ya kipimo. Yale ya mwili ni mepesi: katika miezi ya mwanzo kunywa maji kiasi cha lita moja saa moja kabla na kutokwenda haja, ili kibofu kilichojaa kiinue mfuko wa uzazi na kuipitisha sauti; mimba ikiwa kubwa hilo halihitajiki. Kuvaa blauzi na kitenge badala ya gauni refu. Kubeba kadi ya kliniki, na tarehe ya hedhi ya mwisho iliyoandikwa, maana kumbukumbu ya "mvua zilipoanza" haimtoshi daktari. Ya moyo ni kukaa na mwenzi, au mama mzazi, au mchungaji, au shehe, na kuulizana: tukiambiwa wako wawili, tutazalia wapi? Tukiambiwa jambo baya, nani aambiwe kwanza? Hospitali kadhaa za Arusha na Meru ni za makanisa, Walutheri wakiwa Selian na Nkoaranga, Wakatoliki wakiwa St Elizabeth. Ingekuwa ajabu kama mashine ingekuwa chini ya paa la kanisa na mazungumzo haya yakakosa nafasi chini ya paa hilohilo.

Tuseme mama wa Ilkiding'a amepimwa wiki ya 20, na kondo la nyuma limeonekana limelala chini, karibu na mlango wa kizazi. Mpimaji anamwambia ukweli wote alionao: mara nyingi, mfuko wa uzazi unavyokua, kondo hujikuta juu, mara chache hubaki pale, na kuzaa kwa njia ya kawaida kukaleta damu isiyozuilika. Yeye yuko kundi gani, mwangwi haujui. Arudi wiki ya 32. Anapanda zake mlimani na wiki 12 mbele yake, masika yakiwa njiani na ile barabara ya udongo ikijulikana inavyokuwa, akijua jambo moja na asijue lingine. Jioni anampigia simu shangazi yake wa Kijenge, anamwomba chumba kwa mwezi wa mwisho, endapo. Kisha anasali, na safari hii anajua anaomba nini.